Kesi ya Mfalme Shahriyar

Mfalme anaoa jioni. Alfajiri bi harusi anakabidhiwa waziri, akauawe. Jioni mfalme anaoa mwingine. Ndivyo inavyofunguka Alfu Lela Ulela, na katika masimulizi yanayojulikana zaidi hali hiyo inadumu miaka mitatu. Ukihesabu kwa mwaka wa mwezi mwandamo, wenye siku 354, unapata maharusi 1,062. Msomaji huwapita haraka, kama mtu anayeruka dimbwi la mlangoni, maana ndani Shahrazad, mke anayejiokoa kwa kusimulia, anasubiri na hadithi zake za majini na mabaharia. Sindbad tunamjua kwa jina. Wale elfu moja na ushei hakuna hata mmoja aliyeachiwa jina.

Makala hii inataka kubaki nao kidogo pale mlangoni. Kwa ajili hiyo imewabuni watu wanne na kuwakalisha barazani, Mji Mkongwe wa Unguja, baada ya swala ya Alasiri, kahawa ikipita. Kijana ni mwigizaji; anajiandaa kuigiza Shahriyar jukwaani na anataka kujua mtu huyu anasukumwa na nini. Wakili ni mwanamke aliyezoea kesi za mauaji. Maalim amesomesha fasihi tangu vijana wengi wa leo hawajazaliwa. Bibi hakukisoma kitabu chenyewe. Hadithi alizipata kwa mama yake, naye amezipokeza wajukuu.

"Shikamoo Bibi, shikamoo Maalim," Kijana anaanza, kwa kuwa ndiye mwenye haja. "Mimi naona sababu imo wazi hadithini. Mtu kasalitiwa, basi."

Anaikumbusha baraza mambo yalivyokwenda. Shahzaman, mfalme wa Samarkand, ameitwa na kaka yake Shahriyar. Kabla msafara haujaondoka anarudi kasrini usiku, anamkuta mkewe amelala na mtumishi wa jikoni. Anawaua wote wawili papo hapo, anafunga safari. Kwa kaka yake anakonda, rangi inamtoka, hali chakula. Siku moja Shahriyar ametoka kuwinda, mgeni anachungulia bustanini na kumwona shemeji yake malkia akiingia na watumwa, wake kwa waume, kisha anamwita mpenzi wake, Masud. Shahriyar anaelezwa, hasadiki, anajificha, anaona kwa macho yake.

"Sasa Maalim," anamaliza Kijana, "mtu mwenye moyo wa nyama akiona hayo, si atapasuka?"

Wakili ndiye anayejibu. "Apasuke, mdogo wangu, lakini tutazame alipasuka lini na juu ya nani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na ile ya Kenya zote mbili zinamfikiria mtu aliyeua kwa hasira ya ghafla, ameghadhibishwa, damu haijapata muda wa kupoa. Kosa lake laweza kushushwa, likatoka kuwa kuua kwa kukusudia likawa kuua bila kukusudia. Shahzaman ningeweza kumsimamia mahakamani, ingawa nisingelala vizuri. Amefungua mlango, amefumania, ameua, yote kwa pumzi moja. Shahriyar ameona na akanyamaza. Akafunga safari na mdogo wake hadi kando ya bahari. Akarudi. Ndipo akaua. Na hapo nazungumzia mke wa kwanza tu. Wa pili alimkosea nini? Wa mia tano je, ambaye siku malkia anafumaniwa alikuwa kwao anamsaidia mama yake kupika?"

Kimya kidogo. Swali la Wakili ndilo kiini cha kesi yote, na ajabu ni kwamba hadithi yenyewe inalipa nafasi ndogo sana. Usaliti wa malkia unaeleza kifo cha malkia. Hauelezi kingine chochote. Baina ya mke mmoja aliyekosa na wanawake elfu ambao hawakukosa kuna pengo, na msimulizi ameliziba kwa kisa kimoja kifupi: kisa cha jini na sanduku.

Wafalme wawili wanakimbia aibu yao. Ufukweni wanaliona jini likitoka baharini na sanduku lenye kufuli kichwani, nao wanapanda mtini kwa hofu. Jini linafungua sanduku, anatoka mwanamke mzuri, na jini linalala kichwa kikiwa mapajani mwake. Mwanamke anainua macho, anawaona, anawaamuru washuke walale naye. Wakikataa atalizindua jini liwaue. Wanatii. Kisha anawadai pete zao, aziunge na nyingine alizonazo. Katika hati ya kale zilikuwa pete 98, na za wafalme zikafikisha 100. Katika tafsiri ya Kiingereza ya Richard Burton zimevimba hadi 570. Hapo wafalme wanapata walichokuwa wakikitafuta. Ikiwa jini lenye nguvu zote hizo linatendwa hivi, basi hakuna mwanamke wa kuaminika. Wanarudi mjini, na mauaji yanaanza.

"Mnamkumbuka mwanamke yule alifikaje sandukuni?" Wakili anauliza.

"Jini lilimwiba," Bibi anasema. "Usiku wa harusi yake."

"Haswa, Bibi. Usiku wa harusi yake. Ushahidi mkuu wa mfalme dhidi ya wanawake wa dunia nzima ni msichana aliyeibwa, akatiwa sandukuni, sanduku likazamishwa baharini. Silaha pekee iliyombakia ni mwili wake, anaitumia kulitia aibu lile lililomwiba. Kwa maneno yake mwenyewe kesi hiyo ni ya utekaji. Wafalme wakaisikiliza na kuondoka na hukumu ya uzinzi. Na wao wenyewe, ambao dakika ile wametoka kulala na mke wa mwingine, hawakujiweka kwenye hesabu."

Kijana anakiri kwamba alipousoma ukurasa ule hakuona jambo hilo. Anauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini: kama si usaliti, ni nini?

Maalim ameshusha kikombe. Anasema sababu hiyo ya usaliti, kwanza, haina hakika kuwa ilikuwamo tangu mwanzo. Mnamo 987 Ibn al-Nadim, mtu wa vitabu wa Baghdad, aliandika orodha kubwa ya maandishi yaliyokuwapo kwa Kiarabu katika zama zake. Humo anakitaja kitabu cha Kiajemi, Hazar Afsan, hadithi elfu, ambacho ndicho chimbuko la Alfu Lela Ulela, na anaeleza kilitungwa kwa kisa gani. Kulikuwa na mfalme ambaye kila akioa hulala na mke usiku mmoja na kumuua kesho yake, hadi alipomwoa Shahrazad, mwenye akili na maarifa. Basi. Malkia wa bustanini hatajwi. Masud hatajwi. Jini halipo.

"Lakini Maalim, si alikuwa akifupisha?" Kijana anapinga. "Orodha ya vitabu haiwezi kubeba kisa kizima."

"Umesema kweli, na mimi siwezi kuapa kuwa sababu haikuwamo. Ninachokwambia ni hiki: mtu yule, aliyesoma kuliko wenzake, aliona anaweza kumtaja mfalme anayeua wake zake bila kueleza kwa nini, na msomaji asishangae. Sisi ndio tunaodai sababu. Na tukidai, tunapewa. Na tazama tunapewa ipi. Tunapewa kosa la mwanamke."

Anaongeza mfano wa Ufaransa. Mnamo 1697, miaka saba kabla Antoine Galland hajaanza kuitoa Alfu Lela Ulela kwa Kifaransa, Charles Perrault alichapisha hadithi ya tajiri mwenye ndevu za buluu. Tajiri huyo anampa mkewe funguo zote za nyumba na kumkataza chumba kimoja. Mke anafungua, anakuta maiti za wake waliomtangulia. Kosa lake ni udadisi, na Perrault mwenyewe aliihitimisha hadithi kwa mawaidha juu ya hatari ya udadisi. "Haya," Maalim anasema, "wa pili aliuawa kwa kuwa aliiona maiti ya wa kwanza. Wa tatu kwa kuwa aliziona mbili. Wa kwanza alifungua chumba akakuta nini?"

Hakuna anayejibu. Chumba cha mke wa kwanza kilikuwa kitupu.

Kuna jambo moja limemkera Kijana tangu alipopewa nafasi hiyo, naye analisema sasa. Masud ni mtumwa mweusi. Katika tafsiri nyingi hata yule mtumishi wa jikoni wa Samarkand ni mweusi. Jukwaani Unguja, mbele ya watazamaji wa Kiswahili, atasimamaje kuigiza hasira ya mfalme kwa mtu mwenye rangi ya baba yake?

Swali hili lina uzito wake pwani hii, ambako watu walisafirishwa kama bidhaa katika bahari ileile inayozungukwa na hadithi hizo. Msimulizi anataka aibu ya mfalme ipimwe kwa cheo cha mpenzi: malkia amekwenda na nani. Na mmoja wa watu walioieneza hadithi hiyo kwa Kiingereza ni Richard Burton, yuleyule aliyeondokea Unguja mwaka 1857 pamoja na msafiri mwenzake Speke kwenda Ziwa Tanganyika. Tafsiri yake ilianza kutoka 1885. Alipofika penye bustani ya malkia alitia tanbihi juu ya miili ya watu weusi, akiwaeleza kama anayepima ng'ombe mnadani. Tanbihi ile inachukiza hadi leo, na ina faida moja tu: inaonyesha jeraha la mfalme lilipo. Mapenzi ya mke hayamo humo. Kilichoumia ni daraja.

"Ndiyo maana," Wakili anadakia, "tazama kilichomponya Shahzaman. Alikuwa mgonjwa, hali. Alipomwona kaka yake mkubwa, mfalme mkubwa, ametendwa vibaya kuliko yeye, alikula akashiba na damu ikarudi usoni. Huyo ni mtu anayemlilia mkewe? Alikuwa akijilinganisha na mwanaume mwingine, na jini limewaponya wote wawili kwa njia hiyohiyo. Wanawake humo ni kipimio tu."

Kijana ana hoja nyingine ya kumtetea mtu wake. Amesoma kwamba Bruno Bettelheim, mtaalamu wa saikolojia aliyezaliwa Vienna, katika kitabu chake cha 1976 juu ya hadithi za watoto, alimtazama Shahriyar kama mtu aliyetawaliwa na silika, na Shahrazad kama akili inayomrudisha kwenye utu polepole, usiku baada ya usiku. Ugonjwa na tiba. Si ufafanuzi mbaya kwa mwigizaji: unampa safari ya kufuata kutoka giza hadi nuru.

"Tiba ni jambo jema," anasema Wakili. "Lakini mgonjwa huyu alikwishamaliza maelfu ya saa akiwa mzima wa kutosha kuendesha nchi. Alipokea mabalozi, alikusanya kodi. Mtu ambaye silika imempanda kichwani hawezi kuchagua hivyo. Huyu hakumuua waziri hata siku moja. Hakumuua askari. Hakumuua mfalme jirani. Silika gani inayojua mlango wa kubisha?"

Hapo mwandishi wa makala hii anasimama upande wa Wakili. Mauaji ya Shahriyar yana utaratibu, na utaratibu una lengo. Mke akifa asubuhi hana mchana wa kutoka bustanini, hana kesho ya kumchoka mumewe, hana mwaka ujao wa kupenda mtu mwingine. Anabaki milele mke wa usiku mmoja, wa mtu mmoja. Jini lilijaribu kufuli na bahari, likashindwa. Mfalme ameona kushindwa kwake na ameamua kutumia kufuli isiyofunguka. Anachotaka ni umiliki usio na shaka hata chembe, na umiliki wa namna hiyo juu ya mtu aliye hai haupo. Hasira ilikuwapo siku ya kwanza. Siku ya mia mbili kilichobaki ni haki aliyojipa.

Bibi amekuwa akisikiliza, mkono shavuni. "Wanangu, mbona mnamzungumzia mfalme kama kwamba aliua peke yake? Yeye alioa. Aliyekuwa akiwachukua mabinti majumbani ni nani? Aliyeshika upanga ni nani?"

"Waziri," anasema Kijana.

"Waziri. Baba wa Shahrazad. Elfu nzima aliwapeleka yeye, na alikuwa akirudi nyumbani jioni kwa binti zake wawili. Alilia lini? Siku zamu ilipofika kwake."

Ni kweli, na kitabu hakimfichi. Watu wanaomba Mungu awaondolee mfalme, kina mama wanaomboleza, wenye uwezo wanakimbia na mabinti zao hadi mji unakaribia kuishiwa na wasichana. Waziri anaendelea na kazi. Shahrazad anapoomba mwenyewe apelekwe kwa mfalme, baba anamkataza kwa kumsimulia kisa cha punda na ng'ombe, na ndani yake mfanyabiashara ambaye mkewe alimsumbua ataje siri. Jogoo akamfundisha dawa, ampige mke hadi anyamaze. Naam, mume akampiga. Kisha waziri anamtishia binti yake jambo lilelile. Huyo ndiye mwema wa hadithi, baba mwenye mapenzi, na hoja anayoikimbilia ni fimbo. Bibi anasema alipokuwa akiwasimulia wajukuu kisa hicho alikiruka, kwa sababu wavulana walikuwa wakicheka mahali pasipo pa kucheka.

Maalim anakubali, na anaona waandishi wa Kiarabu wa karne iliyopita waliyaona hayo mapema. Tawfiq al-Hakim, katika tamthilia yake ya 1934, anamwonyesha Shahriyar aliyechoshwa na mwili na kutamani kujua tu. Naguib Mahfouz, aliyepata Nobeli mwaka 1988, aliandika riwaya inayoanzia pale usiku wa mwisho unapoisha. Humo mfalme ameacha kuua, watu wanasherehekea, lakini Shahrazad hana furaha. Kila akimkaribia mumewe anasikia harufu ya damu. Mahfouz hakumwachia mfalme atubu kwa usiku mmoja. Alimfanya azunguke mjini mwake usiku kucha na hatimaye akiache kiti.

Naye Fatema Mernissi, mwanasosholojia wa Morocco, alilalamika katika kitabu chake cha 2001 kwamba wachoraji na wacheza densi wa Ulaya walimvua Shahrazad akili wakambakizia mwili. Bibi anapoelezwa hayo anatikisa kichwa. Kwake Shahrazad hakuwahi kuwa na sura yoyote; alikuwa sauti ya mama yake gizani.

Mazungumzo yangeweza kuishia vitabuni, lakini Wakili hana mazoea ya kuishia vitabuni. Anataja hesabu ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2023: wanawake na wasichana wapatao 51,100 waliuawa duniani na wenzi wao au watu wa familia zao, takriban 140 kila siku. Anakumbusha tarehe 27 Januari 2024, maelfu ya Wakenya walipoandamana Nairobi na miji mingine baada ya mauaji ya wanawake yaliyofuatana mwezi ule.

"Mwanamke akiuawa, Bibi, swali la kwanza mitaani ni lipi?"

"Alikuwa na nani. Alifuata nini huko."

"Ndiyo bustani ya malkia hiyo. Maiti haijazikwa, tumeshaanza kumtungia kisa cha Masud."

Kijana anabaki kimya muda mrefu. Muuza kahawa anakusanya vikombe, taa ya kwanza inawaka upande wa pili wa uchochoro. Amekuja akitafuta jeraha la kuigiza, machozi, kifua kinachopanda na kushuka. Sasa hajui aanzie wapi. Anamgeukia Maalim na kuuliza kama mna ukurasa hata mmoja humo unaomwonyesha mfalme asubuhi, baada ya upanga.

"Upo," Maalim anasema. "Ni asubuhi ya kwanza ya Shahrazad. Usiku amesimulia, hadithi imekatika patamu, mfalme amemwacha hai ili asikie mwisho wake. Kunakucha. Mfalme anatoka kwenda barazani. Waziri naye anafika, amebeba sanda ya binti yake kwapani, kwa kuwa anajua kazi ya kila siku. Mfalme anamwona. Anaiona na sanda. Anakaa kitini, anatoa amri, huyu anampandisha cheo, yule anamwondoa, mpaka jua linazama. Na hamwambii waziri hata neno moja."

Kijana anatoa kalamu, anaandika.